Nimepewa fomu ya tathmini ya mtoto wangu. Je, nitie saini?

Ndugu Mshauri,

Naomba ushauri wako kuhusu jambo ambalo limeigawa nyumba yangu. Nina watoto wawili, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitatu na nusu. Huyu mvulana alitembea kwa wakati wake, ni mchangamfu, anapenda sana kupanga vitu kwa mstari na kuvipangua, lakini maneno yake ni machache mno. Nikiyahesabu hayazidi ishirini, na mengi yake ni sisi wa nyumbani tu tunaoyaelewa. Akitaka kitu hunishika mkono akanivuta mpaka kilipo. Asipoeleweka hujitupa chini na kulia kwa muda mrefu, na siku hizi ameanza kuwauma wenzake shuleni. Usiku anaamka mara kwa mara. Zipo siku nikimwita ananigeukia papo hapo, na zipo siku naita mpaka nachoka, naye wala hashtuki.

Si kwamba tumekaa tu. Muuguzi wa kliniki aliitazama kadi yake akasema uzito ni mzuri, nisubiri. Baadaye daktari alitupa rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa usemi, lakini foleni ni ndefu na bado hatujaitwa. Mtaalamu mwingine, tuliyempelekea kwa sababu ya hasira zake, alisema hawezi kuanza kabla ya kupata ripoti ya shule. Shule nayo inasema inasubiri ripoti ya hospitali. Kila mlango ninaobisha naanza upya: mimba ilikuwaje, alizaliwaje, alikaa lini, alisimama lini. Nimeyasimulia hayo mara nyingi kiasi kwamba sasa nayasema kama mtu anayesoma kitabuni.

Hivi karibuni mwalimu wake wa shule ya awali alituita mimi na mume wangu, akatueleza kuhusu tathmini ya mapema ya mahitaji ya mtoto. Alisema fomu itajazwa pamoja nasi, kisha watu wa afya, wa shule na wa ustawi wa jamii wataketi meza moja na kupanga msaada. Aliposikia neno ustawi wa jamii, mume wangu alinyamaza hadi mwisho wa mazungumzo. Tulipofika nyumbani akasema hatii saini. Anasema faili likishafunguliwa halifungwi, mtoto atabandikwa jina litakalomfuata hadi utu uzima, na kwamba wakianza na maneno ya mtoto watamalizia kwa kutuuliza kwa nini yeye hana kazi, maana alipoteza ajira yake na hali yetu kwa sasa ni ya kubana. Mama mkwe naye anasema baba yake mtoto pia alichelewa kusema, na kwamba kosa ni letu kumzungumzisha lugha mbili.

Liko jambo jingine ambalo sijamwambia mwalimu. Binti yetu ndiye amekuwa mkalimani wa mdogo wake. Ndiye anayejua analilia nini, na usiku mara nyingi huamka kumtuliza kabla mimi sijafika. Mwalimu wake ameniambia anasinzia darasani. Naogopa nikilitaja hilo nitaonekana mama niliyemtwika mtoto mzigo wangu.

Je, nitie saini? Watatuuliza nini hasa? Na mume wangu ana haki ya kuogopa, au ni hofu tu?

Mama wa Wawili

*

Dada yangu Mama wa Wawili,

Tieni saini, lakini isiwe kabla ya nyote wawili kuisoma fomu hiyo na kupata majibu ya mambo machache nitakayoyataja. Nakujibu moja kwa moja namna hii kwa sababu umri wa mwanao hauruhusu kuendelea kungoja, na kwa sababu dalili unazozieleza zinatosha kabisa kuomba msaada hata kabla ya mtu yeyote kusema tatizo lake linaitwaje.

Wazazi wengi huamini kwamba lazima kwanza daktari atamke ugonjwa au ulemavu, ndipo msaada uanze. Tathmini ya aina uliyopewa imetengenezwa kwa makusudi ya kuuondoa mpangilio huo. Haiulizi mtoto ana ugonjwa gani. Inauliza anahitaji nini ili akue vizuri, nani tayari anampa nini, pengo liko wapi, na nani atalijaza. Uchunguzi wa kitabibu wa kutafuta chanzo unaweza kuendelea sambamba na tathmini hiyo, na mara nyingi tathmini nzuri ndiyo inayouharakisha, kwa kuwa mtaalamu anapokea maelezo yaliyopangwa badala ya karatasi ya rufaa yenye mstari mmoja. Kwa hiyo hofu ya mume wako kwamba mtoto atabandikwa jina haitokani na fomu hii. Mtu anayeratibu tathmini ya mahitaji hana mamlaka ya kusema mtoto ana usonji au ana ulemavu wa akili, na akifanya hivyo amevuka mipaka ya kazi yake.

Ulichokipitia, cha shule kuingoja hospitali na hospitali kuingoja shule, ndicho hasa kilichozaa utaratibu huu katika nchi kadhaa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Uingereza, na una chanzo cha kuhuzunisha ambacho nakitaja kwa sababu kinaeleza mantiki ya jambo lenyewe, wala hakifanani na habari za nyumbani kwako hata kidogo. Mwezi Februari 2000 mtoto wa miaka 8 aliyeitwa Victoria Climbié alifariki London kutokana na mateso ya waliokuwa wakimlea. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, ambao ripoti yake ilitolewa Januari 2003, ulionyesha kwamba hospitali, polisi na idara za ustawi zote zilikuwa zimemwona kwa nyakati tofauti, kila upande ukiwa na kipande chake cha habari, na vipande hivyo havikuunganishwa. Sheria ya watoto ya mwaka 2004 iliyofuata iliziwajibisha taasisi hizo kushirikiana, na katika kipindi hicho hicho ikaanzishwa fomu moja ya pamoja ya tathmini. Fomu hiyo haikuwalenga watoto walio hatarini pekee. Ililenga hasa watoto wa kawaida ambao mahitaji yao yamekuwa mengi kuliko uwezo wa huduma moja, na ilijazwa kwa hiari na ridhaa ya mzazi. Huko ndiko yalikokazwa mambo mawili ambayo sasa yameenea: kwamba familia isimulie habari zake mara moja, na kwamba awepo mtu mmoja mwenye jina linalojulikana anayeshika uzi wote.

Kabla sijafika kwenye fomu, kuna jambo ambalo halipaswi kusubiri kikao chochote. Mpeleke mtoto akapimwe masikio. Umeandika kwamba siku nyingine anageuka papo hapo na siku nyingine hashtuki hata ukiita mpaka uchoke. Hali hiyo ya kubadilika-badilika ni muhimu. Watoto wadogo hupata sana maji mazito yanayojikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, hasa baada ya mafua, na maji hayo hupunguza usikivu kwa majuma au miezi, kisha hukauka, kisha hurudi. Mtoto wa namna hiyo hasikii maneno kwa ukamilifu wake, huonekana mkaidi, na usingizi wake unaweza kuvurugika. Hata kama alipimwa masikio alipozaliwa na akaonekana mzima, kipimo kile hakisemi chochote kuhusu masikio yake ya leo. Sisemi kwamba hili ndilo tatizo lake. Huenda masikio yake ni mazima kabisa, na kutogeuka kukawa na sababu nyingine ambayo nayo wataalamu watapaswa kuitazama. Ninachosema ni kwamba hakuna tathmini ya usemi inayoaminika bila majibu ya usikivu, na kipimo hicho unaweza kukiomba kwa daktari aliyekupa rufaa ya kwanza, bila kungoja foleni ya mtaalamu wa usemi isogee.

Sasa nimjibu mama mkwe, kwa heshima yake. Ni kweli wako watoto wanaochelewa kusema kisha wakawafikia wenzao bila msaada wowote. Shida ni kwamba katika umri wa mwanao hakuna mtu anayeweza kumtazama mtoto kwa macho tu akajua yumo katika kundi hilo. Orodha ya hatua za ukuaji iliyorekebishwa Marekani mwaka 2022 inatarajia mtoto wa miezi 30 awe na maneno kama 50, na mtoto wa miaka 3 aongee kiasi cha kueleweka na watu wengine mara nyingi. Hatua hizo ziliwekwa kwenye umri ambao angalau watoto 75 kati ya 100 wamekwisha kuzifikia, kwa hiyo si kipimo cha watoto hodari. Mwanao ana miaka mitatu na nusu na maneno yasiyozidi ishirini. Pengo hilo ni kubwa, na kusubiri hakuna faida inayoweza kulinganishwa na hasara yake. Kuhusu lugha mbili, tafadhali endeleeni kuzitumia. Kukua na lugha mbili hakusababishi kuchelewa kwa usemi, na mtoto anayepata shida ya lugha ataipata katika lugha zote anazozisikia. Kinachotakiwa ni wakati wa kuhesabu maneno yake myahesabu ya lugha zote mbili, na mtathmini aelezwe hivyo, maana akihesabu ya lugha moja tu atamwona mtoto ana upungufu mkubwa kuliko alio nao.

Nije kwa mume wako. Hofu yake si ya kubezwa, na nakuomba usiende kwenye kikao ukiwa umemshinda kwa hoja huku moyoni hajakubali. Yako mambo matatu ndani ya hofu hiyo, na kila moja lina jibu lake.

La kwanza, ambalo nadhani ndilo lililomnyamazisha aliposikia neno ustawi wa jamii, ni kwamba mtoto anaweza kuchukuliwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 9, unasema mtoto asitenganishwe na wazazi wake bila ridhaa yao, isipokuwa mamlaka husika, chini ya usimamizi wa mahakama, zimeona ni lazima kwa maslahi ya mtoto. Kukosa kazi si sababu, na kuchelewa kwa mtoto kusema si sababu. Lakini nisikufiche upande wa pili: katika nchi nyingi mtumishi wa afya au wa shule anayeona dalili za kweli kwamba mtoto anaumizwa analazimika kutoa taarifa, na katika hali hiyo hangoji ridhaa ya mzazi. Wajibu huo upo leo, iwe fomu imetiwa saini au haijatiwa. Yamkini mwalimu wenu anao tayari, na bado amechagua kuwaita, kuwaeleza na kuwaomba ridhaa. Hiyo yenyewe inaonyesha kwamba anawaona kama wazazi wanaohitaji kushikwa mkono.

La pili ni faili. Hapa mume wako yuko sahihi kwa kiasi kikubwa, na ningependa aende na hoja hiyo kikaoni badala ya kubaki nayo nyumbani. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba vifungu vya kushirikishana taarifa vilivyokuwa katika sheria ya watoto ya Scotland ya mwaka 2014 havikuheshimu ipasavyo haki ya faragha na maisha ya familia. Sheria ile ilikuwa na nia njema ya kuwaunganisha watoa huduma, na hata hivyo mahakama ilisema nia njema haitoshi. Kwa hiyo ulizeni bila aibu: nani atakayeisoma fomu hii, kila mmoja ataona sehemu gani, itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na tutapewa nakala? Kama kuna mahali palipoandikwa kwamba mnakubali taarifa zipelekwe kwa “huduma zote husika”, ombeni huduma hizo zitajwe moja moja. Mna haki ya kukubali taarifa ziende kwa mtaalamu wa usemi na daktari, mkakataa zisiende kwingine. Mkiona kuna sentensi isiyo ya kweli kuhusu nyumba yenu, iombeni irekebishwe, au maoni yenu yaandikwe kando yake. Na mkiwa mmekwisha kutia saini kisha mkabadili mawazo, tathmini ya hiari inaweza kusimamishwa. Mwalimu akishindwa kuyajibu haya, mwombeni ayapeleke kwa anayejua, nanyi shikilieni kalamu yenu mpaka majibu yaje.

La tatu, ambalo nadhani ndilo zito zaidi, ni aibu ya kuulizwa kuhusu kazi. Ni kweli mtaulizwa. Mwongozo wa tathmini uliotolewa Uingereza mwaka 2000, ambao umeigwa kwa namna mbalimbali, una pande tatu: ukuaji wa mtoto mwenyewe, uwezo wa wazazi kumtunza, na mazingira ya familia, yakiwemo makazi, kipato, ndugu na majirani. Upande huu wa tatu uliwekwa ili mtoto asipimwe kana kwamba anaishi peke yake hewani. Baba akieleza kwamba kipato kimepungua, kikao kinapata sababu ya kupanga miadi yote siku moja ili kupunguza nauli, au kuwaelekeza kwenye unafuu wa gharama kama upo. Asipoeleza, mtapewa ratiba nzuri kwenye karatasi ambayo hamtaweza kuifuata, na baada ya kukosa miadi kadhaa mtaandikwa kuwa wazazi wasiojali. Mwambie hivyo, kwa utulivu, siku ambayo hamjagombana. Mwombe pia aje kikaoni na jambo moja ambalo yeye peke yake analijua kuhusu mwanawe, kwa mfano mchezo wanaocheza wawili tu. Akina baba wengi huketi kimya katika vikao hivi kwa sababu hakuna aliyewauliza swali ambalo jibu lake wanalo.

Umeuliza watawauliza nini. Watauliza mtoto anakula na kulala vipi, anacheza na nani na kwa namna gani, anaelewa maagizo gani, anafanya nini akitaka kitu, anaogopa nini, na mambo gani anayaweza vizuri. Usiruke swali hili la mwisho. Mtoto anayepanga vitu kwa mstari na kuvipangua kwa uvumilivu ana kitu cha kuanzia, na mtaalamu mzuri atajenga mazoezi yake juu ya hicho anachokipenda.

Usiingie kikaoni ukitegemea kumbukumbu. Chukua daftari, na kwa siku chache kabla ya kikao andika matukio mawili au matatu kwa ukamilifu wake: kilichotangulia, kilichotokea, na kilichofuata. Kuandika “analia sana” hakumsaidii mtu. Andika: “Alivuta mkono wangu mpaka kabatini, nikampa kikombe, akakitupa. Nikampa mpira, akakaa chini akalia. Dada yake akampa kikombe chake cha bluu, akanyamaza.” Katika mistari hiyo mtaalamu anaona kwamba mtoto anajua anachotaka, anatumia mkono wa mtu mzima kama njia ya kuomba, anatofautisha rangi au kitu kwa kitu, na kilio kilikuja baada ya kushindwa kueleweka mara mbili. Kwa simu yako mrekodi pia dakika moja akicheza peke yake, dakika moja akiwa na dada yake, na dakika moja unapomwita kutoka nyuma bila yeye kukuona. Watoto wengi hubadilika kabisa mbele ya mgeni mwenye kalamu, na video hizo zitaonyesha mtoto unayemjua wewe. Andika pia historia yote unayochoka kuisimulia, kutoka mimba hadi leo, katika ukurasa mmoja, uwe na nakala za kutosha. Kila atakayekuuliza, mpe ukurasa huo kwanza.

Kuhusu kuuma, naomba usilichukue kama ushahidi wa malezi mabaya. Mtoto asiye na maneno ya kusema “niachie” au “ni zamu yangu” mara nyingi hutumia meno. Mwombe mwalimu naye aandike kwa mtindo ule ule: kilichotangulia, kilichotokea, kilichofuata. Mkilinganisha daftari lako na lake huenda mkagundua kwamba anauma saa za kelele nyingi tu, au kitu kinapochukuliwa mkononi mwake tu, na hapo kuna la kufanya kesho yake asubuhi bila kungoja mtaalamu.

Sasa binti yako. Dada yangu, sema. Nimeipima sentensi hii kabla ya kuiandika, kwa kuwa najua ni rahisi kwangu kuisema kuliko kwako kuitenda. Mtoto wa miaka tisa anayeamka usiku kumtuliza mdogo wake na kusinzia darasani ana mahitaji yake mwenyewe, na tathmini inayomtazama mdogo peke yake itampa mdogo mazoezi ya nyumbani ambayo, bila mtu kukusudia, yataangukia mikononi mwa dada. Unaogopa kuonekana umemtwika mzigo. Mtu anayeijua kazi hii ataona mama anayetambua kwamba mmoja wa watoto wake anachoka na analitaja hilo mapema. Omba habari zake ziandikwe katika fomu hiyo hiyo, mwalimu wake ahusishwe kwa ridhaa yenu, na yeye mwenyewe aulizwe, kwa sababu ibara ya 12 ya mkataba niliotaja inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Aulizwe anapenda kufanya nini na mdogo wake na nini angependa mtu mwingine akifanye. Huenda akasema anataka kuendelea kumchezesha lakini alale usiku kucha. Kuanzia leo, mpangilio wa nani anaamka usiku uwe kati yako na baba yao. Hilo halihitaji fomu.

Kikao chenyewe kisiishe kwa maneno mazuri tu. Hamtakiwi kuondoka bila jina la mratibu mmoja, njia ya kumpata, na tarehe ya kikao kijacho. Mratibu si lazima awe mtaalamu mkubwa kuliko wote. Mara nyingi anayefaa zaidi ni yule ambaye familia inamwamini na anayemwona mtoto mara kwa mara, na kwa jinsi ulivyoandika, huenda akawa mwalimu huyu huyu. Kazi yake si kutoa huduma zote. Kazi yake ni kuhakikisha kila aliyeahidi ametimiza, na ninyi mkikwama muwe na mtu mmoja wa kumpigia simu badala ya sita.

Usomeni mpango utakaoandikwa, mstari kwa mstari. Mkikuta umeandikwa “mtoto ataboreshewa mawasiliano”, ombeni uandikwe upya, kwa kuwa sentensi hiyo haimfungi mtu yeyote na hakuna siku mtakayojua kama imetimia. Mpango unaofaa ungesema hivi: “Kabla ya kikao kijacho mtoto ataomba maji kwa kutamka neno au kuonyesha picha, nyumbani na shuleni. Mama na mwalimu watatumia picha zilezile. Mtaalamu wa usemi atawafundisha namna ya kuzitumia katika wiki ya kwanza.” Hapo kila mmoja anajua zamu yake. Na msiogope kwamba kutumia picha kutamfanya mtoto mvivu wa kusema. Kumpa njia ya kueleweka hakumzuii kujifunza kusema, na kwa kawaida hupunguza vilio.

Kuhusu muda, sheria zinatofautiana nchi na nchi, lakini ni vizuri mjue kipimo ambacho mahali pengine wamejiwekea. Nchini Marekani, huduma za watoto walio chini ya miaka mitatu zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986 zina kikomo cha siku 45 tangu rufaa ipokelewe hadi tathmini ifanyike na kikao cha kwanza cha mpango kiitishwe, kila familia hupewa mratibu wa huduma, ridhaa ya mzazi huwa ya maandishi, na mpango hupitiwa kila baada ya miezi sita. Mwanao amepita umri huo na huenda nchi yenu ina utaratibu mwingine, lakini muulizeni mwalimu swali hilo hilo: kuanzia siku tutakapotia saini, kikao kitakuwa lini? Akitaja tarehe, iandikeni juu ya nakala yenu mbele yake.

Wakati mnangoja, kaa na mtoto sakafuni kila siku kwa muda mfupi bila televisheni wala simu, fuata anachokifanya yeye, na ukitaje kwa maneno machache. Anapopanga kitu, sema “juu”. Kikianguka, sema “kimeanguka”. Kisha nyamaza, mtazame, umpe nafasi ya kujibu kwa sauti, kwa jicho au kwa mkono. Usimlazimishe arudie neno kabla ya kumpa anachoomba. Na ikitokea wakati wowote akapoteza neno au uwezo ambao alikuwa nao, usingoje tarehe ya kikao wala zamu ya foleni. Mpeleke kwa daktari mara moja na useme waziwazi kwamba amepoteza alichokuwa nacho, kwa maana hiyo ni dalili inayofanya uchunguzi uwe wa haraka zaidi.

Na mkishafanya yote haya kisha tarehe ya kikao ikapita bila simu, usijiulize kama unasumbua watu. Mwandikie mratibu kwa maandishi, taja tarehe mliyokubaliana, ulizia jambo moja moja lililoahidiwa na nani aliliahidi, na umpe mkuu wa shule nakala. Weka nakala yako pamoja na ile ya fomu.

Mshauri wako